Pima mvuto wa tabaka la chuma kabla halijang'oka kwenye shafti

Ndugu mtazamaji, karibu karakanani. Kitazame kipande hiki cha tabaka la chuma. Kimebanduka kwenye shafti ya pampu tuliyoijaza ilipolika kwa bunduki ya kunyunyizia chuma kilichoyeyushwa, na ukikigeuza, chini ni kisafi: hakuna mafuta, hakuna kutu. Kimejing'oa chenyewe, kwa mkazo uliobaki ndani yake.

Kila tone la chuma hutua limeyeyuka, likatandazika bapa na kuganda papo hapo. Likizidi kupoa linataka kusinyaa, lakini chuma cha chini kimelishika, hivyo hubaki linavuta. Kadiri unavyoongeza unene ndivyo mvuto unavyojilimbikiza, na tabaka huanza kuinuka pembeni.

Sasa tuupime. Chukua ukanda wa chuma cha springi. Huu wangu una urefu wa milimita 76, upana 19 na unene 1.29, kipimo cha ukanda wa Almen, yaani ukanda wa majaribio unaopinda uso wake ukipigwa. Upige mchanga kwa mashine ya upepo, upande mmoja tu. Umeona? Umeshapinda kidogo, upande uliopigwa umetuna, maana mchanga umeuponda uso. Pima kimo cha mpindo huo kwa geji ya saa, ile yenye mshale, ukiandike. Wengi huruka hapa, halafu hesabu yote inaharibika.

Ufunge ukanda kwa skrubu nne kwenye bamba nene. Vaa kioo cheusi na barakoa ya kuchuja moshi. Pasha mpaka nyuzi 100 hivi, kisha nyunyiza upande uliopigwa mchanga, kwa umbali na mwendo uleule utakaotumia kwenye shafti. Usifungue ukiwa moto! Subiri mpaka ushikike kwa mkono mtupu.

Haya, legeza skrubu taratibu. Utazame kwa ubavuni: ncha zote mbili zimeinuka kama za mtumbwi, na tabaka liko ndani ya mtumbwi. Hapo linavuta. Lingekuwa mgongoni, lingekuwa limebanwa, na tabaka lililobanwa halipasuki kirahisi. Pima tena, linganisha na kile kimo cha kwanza.

Waya niliotumia, ule unaoyeyushwa na bunduki, ni wa stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Kwa kila digrii inayopoa, stenlesi ya kawaida husinyaa sehemu 17 hivi kwa milioni ya urefu wake, chuma cha shafti 12, na metali ya molibdenamu 5 tu. Ndiyo maana stenlesi mimi siijazi nene.

Chukua ukanda wa pili. Badilisha waya peke yake, mengine yaache vilevile, kisha iweke mitumbwi hiyo miwili ubavu kwa ubavu kabla hujaigusa shafti ya mteja.