Kwa nini bandari iko Kigoma na sio Ujiji

Shikamooni wazee, vijana mambo. Maiki inakatakata, anayeshindwa kusikia asogee mbele.

Watu mnaniulizaga sana, bandari imekujaje huku Kigoma wakati mji wa zamani ni Ujiji, hapo kusini tu kilometa chache. Na kweli Ujiji ndo ilikuwa kila kitu bana, misafara ya pembe na watumwa inatokea pale inaenda kwa miguu mpaka Bagamoyo, Stanley kamkuta Livingstone pale pale 1871.

Sasa nendeni kwenye ule mnara wa Livingstone pale Ujiji mtafute Ziwa Tanganyika liko wapi. Unatembea! Enzi zile lilikuwa jirani kabisa. Shida ni Lukuga, ule mto unaotoa maji ya ziwa upande wa Kongo, ulikuwa umezibwa na matope na majani, maji yakawa juu, halafu mwishoni mwa miaka ya 1870 ukazibuka na ziwa likashuka mita kadhaa. Na ufukwe wa Ujiji ni tambarare, yaani maji yakipungua kidogo tu yashakimbia huko. Huku kwetu ghuba imekingwa na vilima, kina kirefu mpaka karibu na nchi kavu, meli inatulia. Mjerumani alivyoleta reli toka Dar, kama kilometa 1,250 hivi, 1914 akaimalizia hapa. Ndo mwisho wa reli.

Meli nayo ikaja kwa reli hiyohiyo, msicheke. Imeundwa Papenburg kule Ujerumani, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, mafundi wakaiunganisha hapa hapa, 1915 ikaingia majini inaitwa Graf von Goetzen. Mwaka uliofuata, Vita Kuu ya Kwanza imepamba moto, Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili adui asiichukue, ila injini walizipaka grisi kwanza, maana walijua watarudi. Hawakurudi. Mwingereza akaiopoa 1924, na 1927 ikaanza kazi ikiitwa Liemba. Ile grisi tumeifaidi sisi.

Mbelgiji naye akapewa kipande chake bandarini kwa mizigo ya Kongo na Burundi, kwa hiyo mkiona saruji inavuka leo msidhani biashara hiyo imeanza juzi.

Ila miaka hii maji yamepanda tena, watu wa Kibirizi na Katonga mnajua wenyewe, nyumba zimeingia ziwani. Haya maswali, tuanze na mzee mwenye fimbo pale, toka nitaje Ujiji naona kaninunia.