Disleksia na Mguu Unaoyumba

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Ahsanteni kwa kuja na jua hili la saa nane.

Naomba mtu mmoja asimame. Wewe kijana wa safu ya mbele, njoo. Tia kisigino cha kulia mbele ya vidole vya kushoto, kama unapita kwenye kamba. Fumba macho. Mwaona, yuko imara. Sasa hesabu kwa sauti kutoka 100 ukirudi nyuma, ukitoa tatu tatu. Haya... Bega hilo limeanza kwenda! Na mkono washatafuta kiti. Mpigieni makofi, hana ugonjwa wowote.

Rod Nicolson na Angela Fawcett wa Sheffield, Uingereza, walichapisha jaribio la namna hii mwaka 1990. Waliwasimamisha watoto juu ya boriti, wenye disleksia, yaani ule ugumu wa kusoma usiotokana na uzembe wala upungufu wa akili, na wasio nayo. Kusimama tu hakukuwapa shida. Walipoongezewa kazi nyingine ya kichwa, wenye disleksia wakaanza kuyumba.

Mfikirieni muuza kahawa wa Mji wa Kale. Dele mkono huu, vikombe vyalia mkono ule, apita vibarazani akitaniana na wazee, na hamwagi tone. Miguu yake haimshughulishi. Basi msomaji mwepesi naye herufi hazimshughulishi. Akili yote iko kwenye maana. Wataalamu wale wakashuku kwamba kasoro ni moja: ubongo mdogo, ule wa kisogoni unaopanga mwendo na kuyafanya mambo yawe mazoea.

Dhana tamu. Mimi nilipoisikia niliishika kwa mikono miwili, maana mimi mwenyewe nasoma kwa kujikokota na ngazini nashika ukuta.

Lakini mwaka 2003 Franck Ramus na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanafunzi 16 wa chuo kikuu, London, watu wazima wenye disleksia. Wote 16 walikuwa na shida ya kuchambua sauti za maneno. Wenye shida ya mwendo na mizani? Wanne. Kwa hiyo kuyumba kupo, ila kwa baadhi, na mara nyingi huonekana kwa wale wenye tatizo la umakini pia. Hakuwezi kuwa ndiko kunakomzuia mtu kusoma.

Ndiyo maana mtu akikuuzia ubao wa kuyumbia akakwambia utakufunza kusoma, mwulize ubao huo wajua silabi ngapi. Utaimarisha miguu, sawa. Kusoma kwataka sauti na herufi, pole pole, hata ukiwa na miaka 50.

Na hapa kwetu jambo hujificha. Kiswahili "ba" ni "ba" popote, kwa hiyo mwenye disleksia hakosei sana, huchelewa. Akifika kwenye Kiingereza ndipo watu humwita mzembe.

Naam, mama pale nyuma? ... Mama auliza: mwanawe ana miaka 34, asoma kwa taabu, na kwenye feri ya Likoni haachi chuma. Je, ni hiyo hiyo?

Mama, yatenganishe. Kama ana kizunguzungu, daktari amtazame masikio na macho. Kusoma kupimwe kwa kusoma. Akiwa ashuka ngazi, msimpe simu awasomee meseji. Na kwenye feri mwacheni ashike chuma. Mimi pia hushika.