Kwa nini hofu haimzuii msafiri

Wazazi wangu, ndugu zangu, karibuni. Nimeombwa niseme juu ya safari baada ya Ebola: nani anaogopa nini, na nani anamwamini nani. Nianze na basi ambalo jiji letu zima la Goma, mashariki mwa Kongo, lililizungumzia.

Julai 2019 mchungaji mmoja alipanda basi Butembo kuja hapa, tayari ameanza kuugua. Njiani alipita vituo vitatu vya afya. Mnavijua: mnashuka, mnanawa maji ya klorini, mnapimwa joto kwenye paji la uso, mnaandikwa daftarini. Wizara ya Afya ilieleza baadaye kwamba kila kituo aliandikisha jina jingine. Tarehe 14 alifika, vipimo vikathibitisha Ebola, mgonjwa wa kwanza wa jiji hili. Siku 3 baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa.

Lawama zilimwagika. Mimi nauliza: mtu anayebadilisha jina kituo hadi kituo anamkimbia nani? Ugonjwa anao mwilini, hawezi kuukimbia. Naona alimwogopa mwenye daftari, na mahali ambapo angempeleka. Hofu alikuwa nayo tele, na safari aliifanya vilevile.

Hofu hiyo ina mizizi. Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 Beni na Butembo. Hata theluthi moja haikufika ya waliosema viongozi wa kwao wanawatetea, na karibu robo waliamini Ebola ni uongo. Waliokosa imani ndio waliosita zaidi kuchanjwa na kwenda hospitali. Kisha Desemba ikaja: uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo hadi Machi, sababu zikitajwa Ebola na usalama, huku masoko na makanisa yakijaa watu. Ulitaka mwananchi aelewe nini hapo? Kwangu, tangazo lile lilibomoa kazi ya miezi.

Tuje Petite Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Goma na Gisenyi ya Rwanda. Tarehe 1 Agosti 2019, wagonjwa wengine walipopatikana Goma, Rwanda ilifunga mpaka kwa saa chache. Mama anayefuata mboga Gisenyi aje aziuze Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, chakula cha jioni cha watoto kimo katika beseni lile. Mfungie bila kumwambia utafungua lini, atapita njia ya panya, na huko hakuna klorini wala daftari. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilishauri mipaka isifungwe. Mtalii wa Ulaya yeye anaahirisha tu. Gorila atamwona mwaka ujao. Huyo simwongelei leo.

Aliyekutana na mgonjwa anafuatiliwa siku 21, anaambiwa asisafiri. Sawa. Nani anamlisha siku hizo? Nani analipa kodi ya nyumba? Swali hilo likikosa jibu, usiku anapanda boti kwenda Bukavu, na jina anatoa la shemeji.

Basi wenzetu wa afya mlio humu, kabla ya kuomba vipima joto vingine, kaeni na madereva na makondakta. Abiria akikutwa na homa anapelekwa wapi? Nani atampigia simu mkewe? Mzigo wake unabaki kwa nani? Dereva awe na majibu hayo kabla gari halijatoka, maana abiria humuuliza yeye kwanza.