Kutoa kaitini kwenye maganda ya nzi chuma

Karibuni tena, watazamaji. Leo hatugusi buu hata mmoja wa nzi chuma, yule nzi mweusi anayefugwa kwa ajili ya mabuu wake (kwa Kiingereza black soldier fly). Mabuu wana wateja wao, wafugaji wa kuku na samaki. Sisi tunataka kile kinachofagiwa na kutupwa: maganda matupu anayoyaacha pupa akigeuka nzi, pamoja na nzi wakubwa waliokwisha kutaga wakafa. Humo mna kaitini, ile ile inayokaza gamba la kaa na la kambamti. Kwa umbile la molekuli zake ni ndugu wa selulosi ya mimea.

Kwa nini maganda? Buu amejaa mafuta, na mafuta hayo itabidi uyatoe kwanza. Ganda tupu limekwisha kukupunguzia kazi hiyo. Ila usichanganye maganda na nzi waliokufa. Maganda yana chokaa nyingi. Nzi wana chokaa kidogo lakini rangi nyeusi imewakolea zaidi.

Chekecha, osha, kausha, kisha saga mpaka ufanane na pumba, usifike unga. Unga utaziba kitambaa cha kuchujia na nusu ya mali itakupotea. Vaa barakoa pia, maana vumbi la wadudu huwaletea watu wengine mzio.

Sasa chokaa. Nina gramu 100 za maganda na lita moja ya siki nyeupe yenye asidi asetiki asilimia 5. Angalieni ndoo yangu ilivyo kubwa. Mimina siki kidogo kidogo... mnaona povu linavyopanda? Ni kabonidayoksaidi inayotoka kwenye kalisi kabonati, yaani ile chokaa. Koroga, acha saa mbili, halafu ongeza siki mbichi kidogo. Ikitoa povu tena, endelea kusubiri. Isipotoa, chuja na uoshe mpaka karatasi ya litimasi ya bluu, ile ya kupimia asidi, isigeuke nyekundu. Asidi hidrokloriki ingemaliza haraka zaidi, lakini hukatakata minyororo ya kaitini, na maji yake machafu ni mzigo mwingine. Mimi naona bora kungoja.

Hatua inayofuata ndiyo ya hatari, kwa hiyo watoto watoke. Vaa miwani ya kinga, glovu ndefu na viatu vilivyofunika. Tumia sufuria ya chuma cha pua. Ya alumini hapana kabisa: soda kali huila na kutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Pima gramu 40 za soda kali, yaani sodiamu hidroksaidi, kwa lita moja ya maji. Soda ndiyo inayoingia kwenye maji, taratibu. Ukimwaga maji juu ya soda yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Tia maganda, pasha moto hadi nyuzi 80, ushikilie hapo saa mbili bila kuchemsha.

Maji yamekuwa kahawia, sivyo? Hiyo ni protini. Usiyamwage! Chuja, uyahifadhi, uyatumie kama maji ya kwanza ya fungu lijalo. Yakichoka, yaache yapoe, uongeze siki polepole mpaka pH, kipimo cha uasidi, ishuke karibu na 4.5: protini itagandamana na kutuama. Ioshe chumvi kabla ya kuipeleka kwenye mboji.

Osha maganda mpaka maji yasiwe na utelezi wala kubadili litimasi, kisha yaanike kivulini. Uzito umeshuka sana. Usidhani umeibiwa, kilichoondoka ni chokaa na protini. Rangi ya kahawia iache. Na usijaribu kuyang'arisha kwa dawa ya klorini, kwani ikikutana na mabaki ya siki hutoa gesi ya sumu.

Kugeuza kaitini kuwa kaitosani, ndugu yake anayeyeyuka kwenye asidi hafifu, sitaonyesha hapa. Kunahitaji soda ya asilimia 40 hadi 50 kwenye joto la nyuzi 100 hivi kwa saa kadhaa, na hiyo ni kazi ya maabara yenye vifaa. Wapelekee kaitini yako kavu. Ikirudi, ijaribu: tia gramu moja kwenye mililita 100 za asidi asetiki ya asilimia 1, ukoroge. Kaitini ingekaa chini vile vile. Kaitosani huyeyuka polepole, maji yakawa mazito ya kunata. Yachuje, yamimine kwenye sahani bapa ya plastiki, uyaache yakauke. Utabandua utando mwembamba unaopitisha mwanga. Ukigoma kubanduka, haujakauka. Upe siku nyingine moja.