"Utazoea" Si Jibu: Haki Yako Miwani Mpya Ikiwa na Kasoro

Asanteni sana. Wengine hapa mlishanisikia nikilizungumza hili, na leo nitalirudia. Nitazidi kulirudia mpaka maduka ya miwani yaache kuwajibu wateja kwa neno moja: utazoea.

Kuna mama mmoja wa hapa Mombasa, fundi cherehani. Ameniruhusu nikisimulie kisa chake bila jina. Alipimwa macho dukani, akaeleza kazi yake, akalipa shilingi 12,000, akapewa miwani. Kesho yake akaona mshono alioupiga mwenyewe kwa rula unaenda mshazari. Akishuka ngazi, kidato kinamjia juu. Ikifika adhuhuri kichwa kinampasuka. Akarudi dukani. "Mama, utazoea, yape macho wiki mbili." Akayapa. Akarudi tena. "Mama, macho yako ndiyo mazito kuzoea." Huku kanzu ya mteja imeharibika, na yeye ndiye ameilipa.

Nilifuatana naye. Sikugombana na mtu. Niliomba kitu kimoja tu: lenzi iwekwe kwenye mashine ya kupimia nguvu za lenzi, tuko pale pale, na karatasi ya vipimo iwe mezani. Kila duka la miwani linalojiheshimu lina mashine hiyo, na kazi yenyewe ni ya dakika chache. Jicho la kulia, sawa. Jicho la kushoto, karatasi inasema silinda 2.00, mhimili, yaani mwelekeo wa silinda hiyo, nyuzi 90. Mashine ikasoma mhimili 60.

Hapa nataka mnielewe vizuri, kwa sababu watu husikia "nyuzi 30" wakadhani ni jambo dogo. Silinda ni nguvu ya lenzi inayoelekezwa upande mmoja, na huwekwa kwa jicho ambalo uso wake wa mbele haukuviringana sawasawa, umerefuka kama yai. Lenzi lazima ielekee upande ule ule ulikorefukia jicho. Ikipindwa nyuzi 30, kasoro inayobaki ni kubwa sawa na ile aliyokuwa nayo bila miwani, ila sasa imegeukia upande mwingine. Yule mama alilipa shilingi 12,000 akatoka na jicho la kushoto lenye kasoro ile ile, katika mwelekeo ambao hajawahi kuuona maishani. Azoee nini?

Sisemi kuzoea hakupo. Lenzi zinazochanganya mbali na karibu humchukua mtu wiki moja, pengine mbili. Vipimo vikipanda sana kwa mara moja, sakafu itayumba kidogo siku za mwanzo. Lakini hayo ni ya lenzi iliyotengenezwa sawa. Kwa hiyo pima kwanza, ndipo useme habari ya kuzoea.

Na sasa nafika panaponikasirisha hasa. "Utazoea" inakula muda wako, na sheria inahesabu muda huo. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, mnunuzi aliyeuziwa kitu kisichofaa anaweza kukikataa na kudai pesa zake. Lakini akikaa nacho muda wa kutosha bila kusema anakikataa, huhesabiwa amekikubali. Hapo atabaki na haki ya kudai fidia tu. Kwa hiyo kila wiki unayonyamaza ukingoja kuzoea inampa muuzaji nguvu. Ukiona tatizo, andika siku hiyo hiyo. Ujumbe wa simu unatosha: tarehe, nambari ya risiti, kasoro, na kwamba hujaikubali miwani hii. Usirudi tu dukani kulalamika kwa mdomo, maana kesho watasema hukuwahi kufika.

Najua mwenye duka ataniambia: lenzi imekatwa kwa macho yake, nitamuuzia nani mwingine? Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama mteja angekuja kusema rangi ya fremu haimpendezi tena. Hapo sheria haikulazimishi kumrudishia pesa. Lakini kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja ndicho kinachokubana zaidi. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo kinasema mnunuzi akikueleza matumizi yake, akategemea ujuzi wako, kitu lazima kiyafae matumizi hayo. Yule mama alikueleza anashona. Ujuzi ni wako, mashine ni yako. Yeye angejuaje mhimili?

Na ile mihuri kwenye risiti, "bidhaa ikishauzwa hairudishwi"? Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inayabatilisha masharti yanayojaribu kuondoa haki hizi. Waache wagonge muhuri hata mara tatu. Tena Kifungu cha 46 cha Katiba kimekupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia ya hasara iliyoletwa na kasoro. Ile kanzu iliyoharibika imo humo.

Mtauliza, je, kama karatasi yenyewe ndiyo ilikosewa? Kama duka lile lile ndilo lililopima, ni juu yao. Kama ulipimwa kwingine, duka linawajibika kuifuata karatasi tu. Aliyekupima ndiye wa kurudiwa. Ndiyo maana nasema dai karatasi yako ya vipimo, usikubali ibaki dukani.

Muda unakwisha, haya mengine nitayapitia haraka. Umbali kati ya mboni: ukivaa lenzi yenye nguvu ya -5.00 ambayo kitovu chake kimekaa milimita 4 kando, jicho linavutwa kwa prizimu 2, yaani kipimo cha jinsi lenzi inavyoupindisha mwanga kando, na maumivu ya kichwa hufuata. Dai nao upimwe. Lenzi za kuzuia mwanga wa buluu wa simu: mapitio ya 2023 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kuchambua tafiti za tiba, hayakuona kwamba zinapunguza uchovu wa macho kuliko lenzi za kawaida, basi usilipie nyongeza kwa ahadi hiyo. Duka likikataa kabisa, ipo Mahakama ya Madai Madogo: madai hadi shilingi milioni 1, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Nenda na risiti, karatasi ya vipimo, na ule ujumbe ulioutuma siku ya kwanza.

Ya bima nilitaka kuyasema pia, lakini naona mkono wa yule mzee wa nyuma umeinuka muda mrefu. Karibu, mzee wangu.