Usiishie Kwenye Gari

Wanaonijua wameshaanza kucheka, wanajua ninakoelekea. Nivumilieni. Habari za Model T, lile gari maarufu la Henry Ford, na za magari kuunganishwa kwa mstari kwenye kiwanda chake pale Highland Park mnazo, sizirudii. Ninachotaka ni makumbusho ambayo Ford aliyaanzisha mwenyewe kule Dearborn, Michigan, yakazinduliwa Oktoba 1929. Mgeni akiingia humo anatoka na nini? Anatoka na gari. Ameiona Quadricycle ya mwaka 1896, gari la kwanza la Ford, lile lenye magurudumu ya baiskeli, amepiga picha, kaenda zake.

Mtaniuliza, ubaya uko wapi? Gari ni zuri, sikatai. Ila Ford mwenyewe aliliuza kwa dola 200, akaja kulinunua tena kwa 65 baada ya miaka kadhaa. Hakuna kinachozaliwa kikiwa cha makumbusho. Kuna mtu anaamua kitunzwe, na hapa aliyeamua ni mwenye kampuni. Ndiyo maana karakana ya rafiki yake, mvumbuzi Thomas Edison, ilijengwa upya pale, tena pamoja na udongo uliosafirishwa kutoka New Jersey. Udongo, jamani! Mfanyakazi wa zamu ya usiku nani alimchukulia udongo wake?

Sasa tuingie kwenye nyaraka na picha. Kampuni ilikabidhi sehemu kubwa ya hizo kwa makumbusho mwaka 1964. Ipo picha moja ambayo nikiachiwa nitaizungumzia mpaka usiku. Ni mahafali ya shule ya Kiingereza ya Ford, iliyofunguliwa mwaka 1914 kwa ajili ya wafanyakazi wahamiaji. Jukwaani limewekwa sufuria kubwa kuliko chumba. Wanaume wanaingia ndani yake wakiwa na nguo za kwao na mizigo yao, na walimu wanakoroga kwa pawa ndefu. Wanatoka upande wa pili wakiwa na suti, bendera ya Marekani mkononi. Hiyo si katuni ya kumkejeli Ford. Iliandaliwa na shule yake mwenyewe, kwa fahari, na wageni wakapiga makofi.

Hapo lazima atokee wa kusema, "Lakini Mwalimu, si aliwalipa dola 5 kwa siku?" Naam, kuanzia Januari 1914, kwa saa 8, wakati mshahara wa kawaida ulikuwa haufiki nusu ya hapo. Alilazimika. Watu walikuwa wanaikimbia ile kazi ya kurudiarudia kitendo kimoja kutwa nzima; mwaka 1913 kiwanda kiliajiri zaidi ya watu 50,000 ili kibaki na kama 14,000. Tena zile 5 hazikuwa mshahara mtupu. Karibu nusu iliitwa mgawo wa faida, na ili uupate, wewe mwenyewe ulikaguliwa: wakaguzi wa kampuni walikuja nyumbani kuuliza unaweka akiba kiasi gani, unakunywa, una wapangaji wangapi, mkeo analalamika? Wanawake wa kiwandani mwanzoni hawakuhesabiwa kabisa. Kwa hiyo ukiniambia "ukarimu", nitakuuliza ni mkarimu gani anayekuja kupekua jikoni kwako.

Kumbe lile sufuria na ile bahasha ya mshahara ni habari moja. Gari likiwa peke yake kwenye sakafu iliyong'arishwa halikwambii hata nusu yake.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi kwa haraka. Gazeti la Ford, Dearborn Independent, lililowashambulia Wayahudi kuanzia 1920 mpaka akaja kuomba radhi 1927, ni sehemu ya maisha yake sawasawa na Model T, lisifichwe kwenye kona. Fordlandia, mashamba ya mpira aliyoyaanzisha Amazon, Brazil, nayaacha, yanahitaji siku yake. Na Mei 26, 1937, walinzi wa kampuni walipowapiga Walter Reuther na wenzake wa chama cha wafanyakazi pale kiwandani River Rouge, waliwapokonya waandishi picha zao. Mpiga picha mmoja alificha zake chini ya kiti cha nyuma cha gari, akawapa zisizo na kitu. Zilizofichwa ndizo tunazozitazama leo, na mtunza makumbusho asiyezionyesha karibu na magari nina ugomvi naye.

Maswali sasa, na la kwanza lisiwe la bei ya Model T.