Mwamba Mgumu, Gesi na Maji Yanayorudi

(Mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa uhandisi, Mbeya)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Nimekuja na mawe mawili, naomba yapite mikononi mwenu. La kwanza ni jiwe la mchanga. Lidondoshee maji: tone limenywewa papo hapo. La pili, hili jeusi, ni tope la kale lililogandamizwa hadi likawa mwamba. Tone linakaa juu likimeremeta, ukiliinamisha linateleza. Gesi asilia hukaa katika miamba ya aina zote mbili. Tofauti ni njia ya kutokea.

Gesi yetu ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalishwa 2004, imo kwenye mwamba wa mchanga. Ukishachoronga, inapanda kwa msukumo wake yenyewe. Kwenye mwamba kama huu mweusi unaweza kuchoronga kilomita mbili ukaambulia gesi kidogo sana, na hapo ndipo wahandisi hupasua mwamba kwa maji.

Kisima huchorongwa wima, kisha hupindishwa kifuate tabaka lenye gesi. Mabomba ya chuma hushushwa, na saruji husukumwa kupitia ndani ya bomba hadi chini, ipande kwa nje na kuziba nafasi kati ya chuma na mwamba. Baruti ndogo hutoboa bomba kule chini. Halafu yanaingia maji, yenye mchanga na kemikali kidogo, kwa shinikizo ambalo mwamba hauwezi kulihimili. Nyufa zinafunguka, nyingi za upana wa milimita chache tu. Pampu zikizimwa mwamba unataka kujifunga, ila punje za mchanga zimekwisha kujipenyeza, kila moja ni kabari, na gesi inapita katikati yake.

Jaribio la kwanza lilifanyika Kansas, Marekani, mwaka 1947. Lakini ni miaka ya 1990, huko Texas, ambapo kampuni ya George Mitchell ilionyesha kuwa mwamba wa tope nao unaweza kulipa.

Watu wengi huogopa ufa wenyewe. Mimi naogopa zaidi saruji mbovu na maji yanayorudi. Ufa ulio kilomita mbili chini ni nadra kufika kwenye maji ya kunywa. Kupitia saruji iliyopasuka karibu na uso wa ardhi, gesi na uchafu hufika huko kirahisi. Na kisima kimoja huweza kumeza lita milioni 10, 20 au zaidi za maji. Sehemu yake hurudi juu na chumvi nyingi, mara nyingine kupita ya bahari. Yamwagwe wapi? Oklahoma waliyasukuma tena ardhini, pamoja na maji mengi zaidi yaliyotoka kwenye visima vya mafuta, na mwaka 2016 mji wa Pawnee ukatikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.8.

Kwa nini nayasema haya Mbeya? Kwa sababu tumekaa pale matawi ya Bonde la Ufa yanapokutana, na tunaitazamia jotoardhi, yaani nishati ya joto la chini ya ardhi, ya Ngozi, Songwe na Kiejo-Mbaka. Songwe maji ya moto yanatoka yenyewe kupitia mipasuko ya asili, na hiyo ni neema. Ila penye mwamba wa moto usio na njia za maji, mbinu inayotumika ni jamaa ya hii ya gesi. Pohang, Korea Kusini, walisukuma maji kwenye mwamba wa moto, na Novemba 2017 likaja tetemeko la 5.5. Sikatai jotoardhi, naitaka sana. Nataka tu vipimo vya matetemeko vifungwe kabla ya pampu ya kwanza kuwashwa, na mhandisi atuambie maji yatatoka wapi, maana mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kila kiangazi tangu miaka ya 1990, na wakulima wa Usangu wanalijua hilo kuliko sisi.

Marekani kesi nyingi za visima vilivyochafuka zimekwama kwa kuwa hakuna aliyepima maji kabla ya uchorongaji. Sisi bado tuna nafasi. Walimu wa kemia mliopo hapa, chukueni sampuli za chemchemi na visima vya vijiji, kiangazi na masika, mpime chumvi, metheni (ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia) na joto, na daftari hilo liwekwe chuoni mahali ambapo mwanakijiji yeyote anaweza kuomba kulisoma.